Televisheni Mbili za Posa

Wiki iliyopita mliniacha jamvini kwa Mzee Kalinga, Kihesa, Iringa, miguu imekufa ganzi na mdomo nimeufunga. Nipeni nafasi niunyooshe mguu kwanza, halafu tuendelee.

Kwa wewe uliyefungiwa maandazi na gazeti hili na hujui habari za nyuma: naitwa Nyanda, fundi redio wa Mwanjelwa, Mbeya. Nataka kumwoa Tekla Kalinga, dada anayeunganisha simu posta ya Iringa. Mpaka sasa nimeshaibiwa baiskeli nikienda kumwona, nimeumwa na mbwa wa baba yake, na nimeimba kwaya ya kanisa ambalo si langu. Tekla bado sijampata.

Nyumbani kwa Mzee Kalinga kuna sharti. Mposaji haongei. Anakaa jamvini, anatazama vidole vyake vya miguu, na mshenga ndiye anayesema. Mposaji akitamka neno moja kabla shangazi wa msichana hajapokea mahari, posa imevunjika na vitu vyenu mnaondoka navyo. Bwana mmoja wa Ilula alipiga chafya, akasema "samahani." Alirudi Ilula na mbuzi wake wawili.

Mshenga wangu ni Marcelino, seremala, jirani yangu pale Mwanjelwa. Ukimwuliza saa ngapi, anakujibu saa, tarehe, na mvua itanyesha lini. Nilidhani ndiyo sifa ya mshenga.

"Kijana wetu ni fundi wa mitambo," alisema siku ile. Mimi natengeneza redio. Hilo la mitambo ni lake. "Wengine watawaletea blanketi na jembe. Sisi tutaleta blanketi, jembe, na televisheni."

Mzee Kalinga akavua miwani. Ni karani mstaafu wa mahakama. Ameandika maneno ya washitakiwa miaka thelathini, kwa hiyo halimezi neno bila kulitafuna.

"Televisheni niliiona Ndola," alisema, "nilipokwenda kumzika shemeji yangu. Ziko namna mbili. Iko ile kubwa, ukumbi mzima unaona. Na iko ya rangi, ndogo, lakini picha yake safi mno, unahesabu vifungo vya shati la mtu. Mtaleta ipi?"

"Mzee mwenyewe unapenda ipi?"

"Mimi sina ninayopenda. Kijana achague. Atakayochagua ndiyo itakayonieleza ninamkabidhi binti yangu kwa mtu gani."

Kisha akauliza lile ambalo Marcelino alikuwa hajajiandaa nalo. "Na stesheni? Huku bara sijasikia kama ipo."

"Iko njiani, mzee. Krismasi haifiki. Mwulize fundi mwenyewe!"

Sebule nzima ikanigeukia. Nami nilikuwa najua. Kila fundi redio wa Mbeya anajua kwamba huku bara hakuna stesheni ya televisheni, na hakuna mwenye habari itakuja mwaka gani. Kuongea siruhusiwi. Nikaitikia kwa kichwa.

Mlangoni alikuwa Tekla na sinia la chai. Aliniona nikiitikia.

Mkulima mmoja wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni ameniandikia barua ya kurasa tatu kuniambia mimi ni mjinga. Ndugu yangu, ungeweza kuokoa karatasi.

Haya. Nilirudi Mbeya nikiwa mchumba nusu na mwongo mzima.

Siku ya tatu nikaitwa kwenye simu ya duka la dawa, jirani na kibanda changu. Mwenye duka akabaki amesimama hapohapo anapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nyanda," Tekla alisema. "Umeshachagua?"

"Bado. Nafikiri."

"Unafikiri kati ya nini na nini?"

"Kubwa na ya rangi. Kubwa wataona wengi. Ya rangi wataona vizuri."

"Wataona nini?"

Nikaanza kuhesabu chupa za mwenye duka. Kumbuka hapo sharti halikuwepo. Hakuna jamvi, hakuna shangazi, mdomo wangu ulikuwa huru kabisa.

"Nyanda, hakuna kitu kingine unataka kuniambia?"

"Hakuna," nikasema. "Kwenu hawajambo?"

"Kwetu hawajambo," akasema, na laini ikakatika. Yeye ndiye mwenye kuzikata.

Mwenye duka la dawa akaniambia, bila kuulizwa, "Hapo umekosea."

Siku ile sikutengeneza redio hata moja. Jioni nikachukua karatasi nikaandika. *Mheshimiwa Mzee Kalinga, stesheni haipo. Ilikuwa haipo siku ile nilipoitikia kwa kichwa, nami nilikuwa najua. Nakuomba radhi. Kama utakubali ng'ombe badala ya televisheni, baba yangu anao. Na kama bado unataka televisheni ikae tu sebuleni, nitaileta. Lakini Tekla nampenda, na sitaki kuingia kwako na uongo.* Nikaisoma mara nne. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikala ugali nikashiba.

Mposaji hampelekei baba mkwe barua kwa mkono wake. Barua hupita kwa mshenga. Nikampa Marcelino, ambaye wiki ileile alikuwa anakwenda Iringa kupanga siku ya mahari.

"Mkabidhi mkononi," nikamwambia. "Usimpe mtu mwingine."

"Unaniona mtoto?"

Alirudi Jumatatu, ameshiba, anatabasamu.

"Umempa?"

"Nimempa."

"Amesoma?"

"Amesoma yote. Akacheka. Akasema, mwambieni alete tu. Chagueni mje, Jumapili baada ya Pasaka."

Nilimkumbatia seremala yule mbele za watu. Mzee anajua! Anaitaka kama watu wanavyotaka kabati la vyombo, ikae sebuleni na kitambaa cha kufuma juu, watu wapite waone. Ni haki yake. Mzigo ulinitoka mgongoni, nikaanza kushughulika na lile swali kwa moyo mweupe: kubwa, au ya rangi?

Televisheni Mbeya nzima zilikuwa kwa mtu mmoja. Didas alifanya kazi migodini Kitwe miaka kumi na moja, akarudi na mke, magodoro sita na televisheni mbili. Zilivukaje Tunduma sikumwuliza, naye hakunieleza.

Kubwa ilikuwa ya mbao, ina miguu minne na milango miwili ya kufunga na ufunguo. Ukiifungua unahisi uvue kofia. Ya rangi ilikuwa ya plastiki, ndogo, unaibeba peke yako. Didas hakutaka fedha. Anataka kulima kwa plau. Kubwa, maksai watatu. Ya rangi, maksai watano.

"Ndogo ndiyo ghali?" aliuliza baba yangu.

Baba yangu ni Mzee Ndalahwa. Tulihama Shinyanga na ng'ombe mwaka sabini na mbili, tukateremkia Usangu, upande wa Madibira, na yeye hajawahi kununua kitu bila kukizunguka mara tatu. Alifika Mbeya na maksai wake na fimbo, akazizunguka zote mbili. Akagonga ile ya mbao. Akainua kidogo ile ya plastiki, akaishusha.

"Hii haina uzito."

"Baba, thamani iko kwenye picha," nikamwambia. "Picha ya hii ni safi. Kila unywele unaonekana."

"Washa tuone."

Didas akawasha. Zote mbili zikatoa chenga, kwa sababu hakuna kingine cha kutoa. Kubwa ikatoa chenga kubwakubwa, zinaruka kama mahindi kwenye kikaango. Ya rangi ikatoa chenga ndogondogo, nyingi, zimesongamana. Zote zikakoroma.

Tukakaa kwenye magodoro ya Didas tukatazama. Nawaambia ukweli, tulitazama karibu saa nzima.

"Angalia hizi chenga zilivyo safi," alisema Didas, akionyesha ya rangi. "Hazigusani."

"Lakini za ile kubwa unaziona hata ukiwa nje," Marcelino akasema. Akatoka nje, akachungulia dirishani. "Naziona! Watu wa Kihesa watasimama barabarani!"

"Mtu anayesimama barabarani si mkwe," nikasema. "Mzee alisema picha safi. Alitaja vifungo vya shati."

"Alitaja na ukumbi mzima."

"Alitaja vifungo mwishoni. Cha mwisho ndicho kilichokuwa moyoni."

"Cha mwanzo ndicho kilichokuwa moyoni! Mtu akikutajia watoto wake anaanza na yupi?"

Tulibishana hivyo siku mbili. Mimi fundi nikileta habari za nyaya, Marcelino akileta habari za mbao. Usiku nilikuwa naota Mzee Kalinga ananitazama juu ya miwani, ananiambia, "Kumbe wewe ni mtu wa kubwa," halafu tena, "Kumbe wewe ni mtu wa ndogo." Vyote viwili vilinitisha.

Siku ya tatu baba akachoka.

"Mwanangu, hizi mbili, ipi inaongea?"

"Hakuna baba. Stesheni haipo. Mkwe anajua, nilimwandikia."

"Zote mabubu?"

"Zote."

"Gete?"

"Kweli kabisa."

Akafikiri, kidevu juu ya fimbo. "Basi bubu mkubwa na bubu mdogo, tunabishania nini? Mimi siwezi kwenda kwa wakwe watu waseme Ndalahwa alipima. Didas, chukua wanane. Tunabeba zote."

"Baba, mzee alisema nichague!"

"Umechagua zote."

Didas alikwenda kuwachukua maksai wake kabla baba hajakaa chini.

Wabeja sana baba, nakushukuru, lakini siku ile ulinimaliza.

Tulipanda lori la mbao kutoka Mbeya, televisheni zimefungwa kwa magodoro mawili ambayo Didas alitukodishia. Marcelino alikaa juu ameikumbatia ile kubwa. Chimala, Igawa, Makambako. Kila shimo la barabara alikuwa anapiga kelele, "Polepole, tumebeba mahari!" Mafinga baridi ilitukamata, tukavaa magodoro sisi wenyewe, televisheni zikabaki na baridi yao.

Iringa tuliingia asubuhi ya Jumapili, watu wanatoka misa ya kwanza. Tulipokata kona ya Kihesa nikaona nguzo mpya. Nguzo tatu za umeme, mbao bado nyekundu, waya unameta, na waya ule ulikuwa unakwenda moja kwa moja kwa Mzee Kalinga na kuishia hapo.

Nyuma ya nyumba ulisimamishwa mwanzi mrefu kuliko mianzi yote niliyowahi kuona, umefungwa kamba pande nne. Juu kabisa kulikuwa na vyuma vimesokotwa.

"Hiyo nini?" baba akauliza.

"Antena," nikasema.

Mama yake Tekla akatupokea getini. "Kamwene! Karibuni, karibuni sana! Mmeona umeme wetu? Mzee hakulala. Ameuza shamba lote la mianzi, lile la Kalenga, kwao walikuwa wanagema ulanzi pale tangu enzi za baba yake. Nikamwambia baba Tekla, mianzi jamani! Akasema, mianzi inatunywesha pombe, Krismasi nataka kuona dunia. Amebakiza huo mmoja tu, wa antena."

Nilimtazama Marcelino. Marcelino alikuwa anatazama kuku.

Nikamvuta nyuma ya lori. "Barua yangu iko wapi?"

"Barua gani?"

"Marcelino."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti. Barua ilitoka imekunjwa vilevile nilivyoikunja, na juu yake kuna doa la mafuta ya sambusa.

"Nilikuwa nakuokoa," akanong'ona. "Ungesoma ulichoandika! Mtu gani anapeleka posa na maneno ya kujishitaki? Na yule ni karani wa mahakama! Nilifika pale, mzee ana furaha, ananionyesha mahali nguzo zitakapopita, nikasema ngoja kwanza. Nikangoja, nikangoja, mara basi hilo limefika."

"Ameuza shamba la baba yake!"

"Hilo sikujua. Naapa."

"Ingia umwambie sasa hivi."

"Mbele ya wageni wale? Amealika padri, Nyanda."

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Nyuma ya lori la mbao, siku ya mahari yangu, na suruali mpya, fundi wa mitambo alilia. Nilimwonea huruma yule mzee kuliko nilivyojionea mwenyewe, na nilijionea sana. Baba alipita akaniona, akadhani ni vumbi, akanipa kitambaa.

Sebuleni walikuwa watu kama thelathini. Taa imewashwa mchana ili watu waione. Mzee Kalinga amevaa suti yake ya mahakama. Jamvi lipo palepale. Nikakaa, nikaufunga mdomo.

Televisheni ziliingia. Watu wakapiga makofi. Ya mbao ikawekwa katikati, ya plastiki pembeni yake. Mzee Kalinga akavua miwani.

"Nilisema kijana achague."

Baba akasimama. "Mzee mwenzangu, kijana alichagua. Ila mimi nilionea aibu kuja na moja."

Watu wakacheka kwa wema. Mzee Kalinga hakucheka, lakini alitikisa kichwa kidogo kama anayeandika jambo pembeni. "Haya. Tutazilinganisha hapahapa. Fundi, washa."

Kuwasha si kuongea. Nikainuka, nikachomeka, nikawasha zote mbili, nikarudi jamvini.

Chenga.

Watu thelathini wakanyoosha shingo. Padri akasogeza kiti mbele. Watoto wakaketi chini. Dakika zikapita, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema haoni.

"Ni mvua?" mzee mmoja akauliza taratibu.

"Ni theluji," akajibu Marcelino palepale. Nawaapia hakufikiri hata sekunde moja. "Hapo ni Ulaya. Wao saa hizi wako kwenye baridi."

"Aaa!" wakasema watu.

"Ya hii kubwa imeanguka vizuri," alisema mmoja.

"Lakini hii ndogo unaona kila punje. Tazama ile, tazama, imepita!"

"Mimi naona kumbikumbi," alisema Shangazi Paskalina, dada yake Mzee Kalinga, mwanamke ambaye hakuwahi kuona haya tangu azaliwe.

Mzee Kalinga alikuwa ameegemea mbele, mikono juu ya magoti. "Ndola haikuwa hivi," akasema. "Ndola walikuwepo watu." Alinitazama mimi, si Marcelino. Macho yake hayakuwa ya hasira. Alikuwa ananiomba nimwambie kitu kizuri, na hilo liliniuma kuliko kama angenipiga.

"Watu wako ndani, mzee," Marcelino akasema. "Kwa baridi ile nani atatoka?"

Hapo Shangazi Paskalina akatandika kanga chini kwa ajili ya kupokea mahari. Akaenda chumbani, akamleta Tekla. Gauni la bluu, kitambaa kichwani. Sikuweza kumtazama usoni, nikamtazama miguu.

"Tekla," shangazi akasema, kwa sauti ya kazi. "Wageni hawa unawajua?"

"Nawajua."

"Wameleta blanketi, jembe na hivi viwili vinavyokoroma. Tupokee?"

Kwa desturi msichana hujibu neno moja, wanawake wanapiga vigelegele, na chakula kinaletwa. Niliisikia harufu ya pilau.

"Nina swali kwanza," Tekla akasema.

"Uliza, mshenga yuko hapa."

"Si la mshenga. Ni la Nyanda."

Sebule ikaguna. Shangazi akamshika mkono. "Mwanangu, mposaji haongei. Akiongea posa imevunjika, unajua. Hiyo ni ya nyumba hii tangu bibi yako."

"Najua, shangazi."

"Basi uliza kwa mshenga."

"Mshenga ameshanijibu theluji." Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza siku ile nikamtazama usoni. Hakuwa amekasirika. Alikuwa hajalala. "Nyanda. Mimi nimekaa kwenye simu wiki tatu, wenzangu wa Dar nimewauliza mmoja mmoja. Jibu ninalo. Lakini sitaki kulisikia kwa watu wa Dar, na baba yangu sitaki alisikie kwangu. Nakuuliza wewe. Itaonyesha lini?"

Marcelino akanishika suruali kwa nyuma. "Itikia kwa kichwa," akanong'ona. "Tabasamu, itikia kwa kichwa, kwisha."

"Asiponijibu, sipokei," Tekla akasema.

"Akikujibu, sisi hatupokei," Shangazi Paskalina akasema.

Msomaji wangu wa Ruaha Mbuyuni, wewe mwenye kurasa tatu, ungefanya nini?

Nikasimama. Mguu mmoja ulikuwa bado na ganzi, nikayumba, nikashika ile televisheni kubwa. Ilikuwa ya moto.

"Haitaonyesha," nikasema. "Mzee, haitaonyesha hii wala hii. Stesheni haipo. Siku ile niliitikia kwa kichwa nikijua haipo. Krismasi itakuja na kupita. Nisamehe mzee. Nisamehe Tekla."

Ndugu zangu, nilikuwa sijaongea katika nyumba ile tangu posa ianze. Sauti yangu mwenyewe niliiona ngeni.

Shangazi Paskalina hakubishana. Aliinama, akaishika kanga pande mbili, akaikung'uta ingawa haikuwa na kitu, akaikunja. "Posa imevunjika," akasema. "Mbebe vitu vyenu."

Mzee Kalinga akainuka. Alikwenda kwenye ile ya rangi, akatafuta kitufe, akaizima. Akaenda kwenye kubwa, akaizima, akafunga na milango yake miwili, polepole, kama mtu anayefunga ofisi siku ya mwisho ya kazi. Nikasikia pilau linapakuliwa nyuma.

"Mianzi ile," akasema, akiwa ametupa mgongo, "aliipanda baba yangu." Padri akashika rozari yake.

Nilitaka kufa. Niliona bora anitukane.

Tekla alikuwa bado amesimama. Alimtazama baba yake, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama anayenisoma kutoka juu mpaka chini.

"Asante," akasema. Akageuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Marcelino alikuwa ameshaanza kukunja godoro. Baba amesimama na fimbo yake katikati ya sebule ya watu, mzee wa ng'ombe mia, hajui aanze kubeba kipi.

Ndipo tukasikia kitu chumbani. Bati linakwaruza sakafu. Sanduku la Tekla, lile la chuma alilotoka nalo shule, ninalijua, nililifunga kitasa mimi mwenyewe. Linaburutwa. Linasimama. Linaburutwa tena.

Mama yake akashika kifua. "Mama yangu, anafanya nini huyu?"

Baba akanisogelea sikioni. Hakunong'ona vizuri, hajui kunong'ona, nyumba nzima ilimsikia.

"Nyanda. Analitoa aje nasi, au anaziba mlango?"

Sanduku likafika mlangoni, likaugonga kwa ndani, likatulia.